Jina la Pili

Jumamosi, Fort Portal, ukungu umeimeza Rwenzori.
Watoto kumi na mmoja, mkeka mmoja,
na mimi na daftari langu: Kikao cha tatu, kujitambulisha.

Wakaitana kwa empaako: Akiiki, Atwooki, Adyeri,
jina la mapenzi linalotolewa na nyumba
siku ya kula ugali wa wimbi na samaki mkavu.
Zamu ikamfikia Tumusiime. Akakuna goti.
"Mimi sina. Niliokotwa stendi ya mabasi.
Stendi haina shangazi."

Nikapekua kurasa. Daftari halikuwa na neno.

Ndipo Kabasinguzi, wa miaka tisa,
akaenda jikoni, akarudi
na ukoko wa ugali wa mchana, na dagaa watatu.
"Leteni mikono. Tule kwanza."
Wakabishana mpaka mvua ikachoka:
Apuuli? La. Huyu hucheka kama radi.
Araali!

Akatafuna polepole, kama anayehesabu.
"Na mkihama hapa, nani ataniita?"

Hakuna aliyejibu.
Jioni, langoni, nikawasikia tu
wakipokezana:
Araali, funga kamba ya kiatu.
Araali, umesahau mwavuli.
Araali, kesho.