Besi ya Mejumaa

Kitabu kina kurasa mia saba na thelathini.
Nimekiazima maktaba, nikatia sahihi:
historia ya magitaa na waliyoyavunja jukwaani.
Nikaenda nyuma, kwenye faharasa, herufi M.
Memfisi. Milano. Moskou.
Baina ya Milano na Moskou
hapana hata upenyo wa kupitisha uzi.

Basi nikaandika pembeni kwa penseli, na mali si yangu:
Mejumaa binti Fumo, Kibokoni. Besi.

Ni dadake mamangu.
Mchana akishona foronya kwa cherehani ya mguu,
na mguu ule ule, Alhamisi usiku,
ukihesabu nne, nne, nne,
nyuma ya pazia la ukumbi, Tononoka.
Nyuma ya pazia, naam. Babake alikubali kwa sharti:
"Ukipiga, piga. Usionekane."

Watu wakaona wanaume wanne.
Kombo wa solo, suruali imembana hata kuinama hawezi.
Chidzuga kwenye madramu.
Anselmo, Mgoa wa Makadara, na saksafoni ya kukopa.
Na Gharibu mwimbaji, aliyekuwa mzuri, naye akijijua.
Wanne machoni. Wa tano aliingilia nyayoni,
akapanda magotini,
na kina mama waliokuja kuchungulia tu
wakajikuta wameshikana mikono.

Gitaa lilichongwa na seremala wa majeneza.
Nyuzi mbili za dukani, mbili waya za breki za baiskeli.
Spika ilitoka sinema iliyofungwa,
ikipata moto yanuka njugu.

Santuri zilishuka Kilindini mifukoni mwa mabaharia,
santuri moja kwa doti moja ya leso.
Wale vijana wa ng'ambo wenye nywele za mabegani,
na wale weusi wa mito mikubwa, waliotufikia kwanza
ijapokuwa kitabu chawataja mwisho.
Kombo alisikiliza akitafuta solo.
Mejumaa alishusha sindano, akaweka kidole
juu ya kitambaa cha spika, akafumba macho.
"Huyu amechoka," akasema.
"Huyu ana deni."
"Huyu ampenda mpiga ngoma wake, na mwenyewe hajui."
Majina yao hakuweza kuyasoma.

Kisha ikaja barua ya Nairobi: njooni mrekodi.
Gari la moshi, tikiti nne.
Huko hakuna pazia, babake akasema.
Wakakodi mtu wa besi palepale studio, kwa saa.
Santuri hiyo ninayo. Haina kosa hata moja.
Haina mtu.
Nimeipiga mbele ya kabati la vikombe vya mamangu,
vikombe ambavyo, wasema, zamani vilikuwa vikicheza
kila Mejumaa alipofanya mazoezi chumba cha pili.
Havikutikisika.

Siku hizi masikio yamemwacha.
Waongea naye kwa kuandika kiganjani.
Nilimwandikia habari za kitabu, za Milano na Moskou,
nikidhani atasikitika, akaniuliza
kama nimekumbuka kununua kitunguu.
Akipita jikoni hugusa friji:
"Hii nayo besi yake mbovu, yakokota."
Kweli, wiki ya pili friji ikafa.

Jana mtoto wa jirani, Riziki, alileta maspika mapya,
meusi, marefu kama milango.
Akafungulia ngoma aliyoitengeneza mwenyewe kwa simu,
bila gitaa, bila waya, bila seremala.
Mtaa mzima ukalalamika.
Mejumaa alikuwa akimenya viazi.
Akaweka kisu chini.
Akajifuta, akaegemeza kiganja ukutani,
akakiacha hapo muda mrefu,
na mguu, ule wa cherehani, ukaanza.

Kabatini kikombe kimoja kikagonga kingine.

"Huyu," akasema, bila kugeuka,
"kanisikia wapi?"