Mashimo Sita

Jumatatu ya tatu ya mwezi ni zamu ya Namdimba.
Pikipiki ya idara inaujua mchanga wa huko kuliko mimi:
inapokata tamaa nashuka, naisukuma
kama anayemrudisha nyumbani mlevi wa ukoo wake.
Mafuta nimenunua Kitangari, kwenye chupa ya maji,
kwa pesa ambayo risiti yake haitapatikana.

Nyuma nimefunga kwa mpira
mashine ya nukta nundu, imevikwa kanga,
kibao, kalamu ya chuma,
na trei ya mayai isiyo na yai.

Mwezi wa sita, wanapulizia salfa mikoroshoni.
Nafika nimekuwa wa njano hadi kwenye kope.
Chitanda, ambaye hajawahi kuisikia injini yangu,
ndiye wa kwanza kuniona.
Jina langu kwake ni ngumi inayosokota mafuta.
Sijawahi kuitwa vizuri hivyo.
Leo ananipa jina langu kwa mbali,
kisha anageuka, anakimbilia darasani.

Wiki saba sikuja. Mvua ilikula daraja,
tairi likala posho.

Mwalimu mkuu ni mtu mwema,
ana madarasa saba na walimu wanne.
"Yule wa dirishani hana shida," aliniambia mwaka jana,
"anakaa tu."
Maneno hayo nimeyakuta katika shule kumi na moja.
Anakaa tu.
Miaka miwili Somoe alikaa tu,
akiwajua wenzake kwa vikohozi vyao.

Halafu akaacha kuja. Nilipomfuata kwao
baba yake alisema hana mtoto wa hivyo.
Nyuma ya ukuta mtu alikuwa anatwanga;
kinu kikanyamaza ili kisikilize.
Nikauambia ukuta, kwa sauti:
Jumatatu nakuja na korosho.

Trei nimeikata. Mashimo sita,
mawili kwa matatu.
Korosho moja, juu kushoto: hiyo ni A.
Akaipapasa, akainusa,
akaila.
Tukaanza upya na korosho ghafi, zenye maganda,
herufi zisizolika.

S: katikati na chini kushoto, juu kulia.
O, nikamwekea. M akaiweka mwenyewe.
Ilipofika E aliufunika mkono wake juu ya trei
kama mtu aliyekamata panzi.

Karatasi nene hatuna. Tunatumia kalenda
za chama cha msingi, zile za miaka ya nyuma.
Jina lake la kwanza limetobolewa
mgongoni mwa Novemba ya bei mbaya.
Unachoma kutoka kulia, nilimweleza bibi yake,
kisha unageuza, unasoma kutoka kushoto.
Bibi akacheka: kumbe ni kusuka tu,
upande wa kazi siyo upande wa kuonesha.

Leo nimemkuta ameshasimama.
Hakusema shikamoo. Amenipa karatasi.

Nimefumba macho, kama ninavyowataka walimu wafumbe
kwenye semina, wakacheka.
Herufi kumi. Hakuna nafasi, hakuna nukta ya mwisho.
*umechelewa*
L ina nukta moja pungufu, imekuwa B.

Nimeshika kidole chake, nimemwonesha
nukta iliyokosekana.
Kwa zile zilizokuwepo sikuwa na jibu.

Tumefanya kazi mpaka kengele, rimu la gari likigongwa jiwe.
Nimemwachia kalenda nne na trei.
Mwalimu wa darasa la pili, binti mgeni kutoka Ruangwa,
ameniuliza taratibu, asisikike,
kama naweza kumfundisha na yeye hizo korosho.

Wakati nafunga mizigo nimewauliza watoto:
Somoe alijuaje kwamba ndiye mimi?
Upepo ulikuwa unatoka shuleni kuja kwangu,
na injini niliizima kule kwenye mchanga.

Wamenishangaa, mtu mzima nisiyejua.
Chitanda huliona vumbi, wamesema.
Huingia, huchukua kiganja chake,
husokota ngumi yake humo ndani.

Tangu lini?

Tangu mvua. Kila pikipiki iliyopita,
alikuwa anamwambia pia ile ambayo siyo.

Hakuna aliyewafundisha.
Haikuwa zamu yangu.