Jinsi Ajali Ilivyotokea

Fomu imeacha mistari mitatu.
Mitatu tu, kwa ngazi, na ndoo, na sakafu,
na mimi.

Mbeyu wa darasa la saba ndiye mwandishi wangu,
maana mkono wa kulia umelala kwenye plasta
kama mgeni aliyekuja kwa siku mbili, akahamia.
"Nianze vipi, mama?"
Anza: Niliteleza.
Anaandika. Nalitazama lile neno.
Futa, namwambia.
Hilo ni neno la meneja,
ndilo alilonipigia nalo simu nikiwa wodini Makadara,
sauti laini kama ya muuza halua:
"Umazi, si uliteleza tu? Andika uliteleza.
Nauli tutakusaidia."

Basi anza na ngazi.
Duka letu la Bamburi lina ngazi moja ya chuma,
miguu minne, viatu vya mpira vitatu.
Mguu wa nne tuliufunga kipande cha gunia la sukari.
Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Shaabani,
watu wanabeba tambi na mafuta kama kwamba kesho
mji mzima utatiwa kufuli,
nikatumwa juu kushusha ndoo za lita kumi.
Ya kwanza ikashuka.
Ya pili ikashuka.
Ya tatu tulishuka pamoja.

Mbeyu anacheka, kisha anajiziba mdomo.
Iandike hiyo.
"Mistari imekwisha, mama."
Tunageuza karatasi, tunaendelea mgongoni.

Daktari naye ana sehemu yake.
Alikipinda kifundo changu huku na huku,
akaandika: asilimia kumi na mbili.
Kumi na mbili ya nini?
"Ya ulemavu wa kudumu," akajibu, macho yako kwa anayefuata.

Usiku nikaitafuta hiyo kumi na mbili.
Kwenye kijiko haimo, kijiko nitakishika kwa kushoto.
Nimeikuta kwenye beseni:
kukamua shuka kunataka mikono miwili igombane,
na wangu mmoja umesusa ugomvi.
Nimeikuta kichwani mwa Mbeyu,
nusu nimesuka mimi kabla ya ajali,
nusu jirani, kwa shilingi mia.
Na risiti ya mia hiyo? Fomu inataka risiti.
Jirani kanicheka mpaka kakaa chini.

Shahidi ni Chengo wa upande wa sabuni.
Alinidaka kichwa kabla hakijafika kwenye friji ya maziwa.
Lakini mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu,
mkewe ana mimba,
na nilipompigia alisema,
"Mimi nilikukuta uko chini tayari."
Sikumlaumu. Mkono mtupu haulambwi,
na wangu si mtupu tu, umevunjika.

Kisha jana, saa tano za usiku, simu ikatetemeka.
Picha. Bila salamu, bila neno.
Ukurasa wa daftari la zamu, wiki tano kabla ya ajali:
NGAZI MGUU MMOJA HAUNA MPIRA. TAFADHALI.
Chini yake, wino mwekundu: Imeonekana.
Na sahihi ya meneja, ndefu, yenye mkia.

Mbeyu alishangilia ile sahihi.
Mimi nilitazama mwandiko wa juu,
herufi zilizosimama wima kama askari wa gwaride.
Ni wangu.
Ulikuwa wangu.

Asubuhi, Makupa, mashine ya nakala inakohoa.
Nakala tatu: ya idara ya kazi, ya mwajiri,
na ya chini ya godoro.
Picha ya Chengo nimeitoa kwa rangi,
ile nyekundu isije ikafanywa nyeusi.

Karani wa idara anapekua, analamba kidole, anapekua.
"Sahihi hii hailingani na ya kitambulisho."
Sijibu. Naipandisha plasta juu ya kaunta,
inagonga mbao: ko.
Anaitazama kitambo.
Anakisogeza kisahani cha wino.
"Dole gumba," anasema.
La kushoto, namwambia.