Mito Saba

Umeme umekatika Majengo.
Tumetandaza mfuko wa saruji mezani,
Aikande anachora kwa mkaa:
hapa Kibosho, hapa Uru,
Kidia, halafu Kilema.
Siku tatu, anasema. Nasema tano;
goti langu la kushoto
halijajifunza kuhiji.

Katekista alitucheka: "Wenzenu wanapanda basi."
Sawa. Lakini bibi Ndewirwa
alikwenda kubatizwa kwa miguu,
akiufuata mfereji, viatu kichwani,
akavivaa mlangoni pa kanisa,
akavivua alipotoka.

Alihesabu mito saba.
Ramani ya shule inaonyesha minne.
Mitatu imekauka,
au alivuka kitu kingine
ambacho hakutuambia.

Chumvi ya kulowekea miguu. Tochi.
Ndizi za kuchoma, shuka moja tulale wawili
kwa yeyote atakayetufungulia.
Jumamosi twende Memorial tukachague raba
zilizokwisha kulainishwa na miguu ya mtu mwingine,
tusiyemjua, tutakayemwombea njiani.

"Na mvua?" nauliza.
Aikande anapuliza vumbi la mkaa. Hajibu.

Umeme umerudi.
Kiwiko changu kimefuta Uru yote.
Basi,
pale tutauliza.