Freti Tatu

Jumanne usiku, chumba cha nyuma cha baa,
Walkley, juu ya mlima ambao mabasi ya Sheffield
huupanda yakikohoa.
Zulia linanata. Amplifaya inanuka vumbi lililoungua.
Nimetoka kuwalaza wazee kumi na mmoja
na vidole vyangu bado vina baridi ya sabuni ya kazini.

Maureen yuko kwenye besi; mchana hutengeneza breki za treni.
Shazad anahesabu kwa vijiti, moja, mbili,
kisha A, kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa.

Naanzia ninapoanzia siku zote:
freti ya tano, noti tano, ngazi ndogo,
ile yenye huzuni ya kujiheshimu.
Halafu nashuka freti tatu.
Mchoro ni uleule, vidole havijabadili kitu,
ila ni kama mtu amefungua pazia.
Freti tatu tu!
Na miaka yote ile nilidhani
kutoka kwenye kilio hadi kwenye kicheko ni safari.

Njia mbili zilimshinda fisi, tuliambiwa.
Mshika mawili, moja humponyoka.
Na Bwana Mwalongo, mwalimu wa kwaya pale Makambako,
alipiga meza kwa rula:
ukianza na ngazi hii, maliza na hii,
hakuna apandaye paa kwa ngazi mbili!

Naam, mwalimu. Paa silitaki.
Nimesimama mguu huku, mguu kule,
nauvuta uzi wa tatu kidogo, nusu ya nusu,
hadi C si C tena
wala haijawa C shapu.
Hapo katikati pana chumba kisicho na namba.
Barua zangu nyingi huja huko.

Kodi inageuka, sasa ni D,
nami kwa ulevi wa kujiamini
bado nimeng'ang'ania C shapu ya ngazi kubwa.
Lo!
Chai iliyotiwa chumvi.
Maureen anainua unyusi mmoja.
Wachezaji wawili wa vishale wanageuka, vishale mkononi.

Noti haifutiki. Nairudia kwa makusudi,
tena mara mbili,
kama mtu aliyejikwaa akaifanya ngoma,
kisha nateleza freti moja chini
na kumbe C ilikuwa hapo muda wote, inangoja,
kama bibi wa chumba cha sita
aliyekwisha vaa koti lake, mkoba mapajani,
akidhani nimekuja kumpeleka nyumbani.

Shazad anacheka kwa matoazi.
Vishale vinarudi ukutani.

Basi la mwisho limepita bila mimi.
Nashuka mlima kwa miguu, gita mgongoni,
theluji ya majimaji ikinipiga shavu moja tu,
kidole cha shahada kikigonga mkanda: tano, mbili, tano, mbili.

Bwana Mwalongo, kuna jambo sikukuuliza.
Ile rula yako, ncha ikiwa imebaki nje ya meza,
ikatetemeka na kuimba mpaka sote tukanyamaza:
ilikuwa katika ngazi gani?