Kiti cha Q

Bwire aliileta kibodi ndani ya mfuko wa unga,
akaiweka mezani pangu, hapa Mlango Mmoja,
kati ya mashine ya fotokopi na chupa ya chai.
"Mama, zipo njia tatu," akasema. "Chagua."

Mkono wangu wa kulia haukuchangia neno.
Tangu Bugando umelala pajani
kama mgeni aliyeaga kuja siku mbili.
Usiku mwingine unashtuka, kidole kinagonga shuka:
nadhani kinatafuta L.

Njia ya kwanza: kila kitu kibaki kilipo,
kushoto kukimbie peke yake
kama mhudumu mmoja kwenye harusi ya watu mia tatu.
Nikajaribu. Nikagundua kwamba *ulimi*,
herufi kwa herufi, wote umelala upande wa kulia.
Nilikaa kidogo.
Nikanywa chai.

Njia ya pili: shikilia kitufe cha nafasi,
na nusu ya kulia inakunjwa juu ya kushoto
kama khanga, pindo juu ya pindo.
I mgongoni mwa E, K mgongoni mwa D,
kila herufi na pacha wake.
Siku nzima nilimwita Kulwa, akaja Doto.

Njia ya tatu ilichongwa mahususi
kwa mkono mmoja wa kushoto, huko mbali.
Kazi safi, sikatai.
Ila ni gauni lililoshonwa kwa vipimo vya mwingine:
E na T ndio wenye nyumba,
sisi wengine tumekuja kusalimia.

Nikamwambia Bwire aniachie hadi Jumamosi.

Nikatoa barua moja ya zamani,
malalamiko ya mpaka wa shamba kule Igombe,
nikaihesabu kwa punje za choroko
juu ya vifuniko vya soda, kila herufi na chake.
A: mia mbili na kumi na moja.
Kifuniko kilifurika, nikaenda kutafuta kikombe.
X: hakuna.
Q: hakuna.
Miaka ishirini na miwili Q amekalia kiti cha mbele,
safu ya juu, kushoto kabisa, mlangoni kwangu,
hajabeba hata kiambishi,
na A, mbeba mizigo wa lugha nzima,
nimemwachia kidole cha mwisho,
kile ambacho hata sufuria hakiwezi kuinua.

Basi tukahama.
Bwire alipanga ndani, mimi nikabandika juu
vipande vya plasta na kalamu ya wino:
A chini ya kidole cha shahada,
I jirani yake, N, U, K wakisogezana.
Q nilimpeleka ng'ambo, kona ya tarakimu,
akapunge upepo.

"Na ritifaa?" Bwire akauliza. "Nani anaitumia?"
Wewe Mjita, nikamwambia, hapa ni Usukumani.
Ukiidondosha umemwandikia mtu jina la jirani.
Nikaiweka hatua moja kutoka kwenye gumba.

Jamaa wa foleni ya fotokopi akachungulia:
"Kidole kimoja hakivunji chawa."
Hapa hatuvunji chawa, kaka. Kurasa ngapi?

Jumatatu akaja Ng'walu Lushinge,
barua ya ofisi ya ardhi, ukurasa mmoja.
Ilinichukua dakika arobaini.
Zamani ningekula saba, na kupiga soga juu yake.
Aliisoma taratibu, akasimama kwenye jina lake,
akaigusa ile alama ndogo kwa ukucha.
"Kwenye kitambulisho haipo," akasema.
"Kwenye kadi ya kliniki haipo."
Akauliza bei kama vile ningeongeza.

Nikampa karatasi, nikaanza kusema
samahani kwa mkono wa kushoto,
ndivyo nilivyolelewa,
lakini alikwisha kuipokea,
naye kwa kushoto:
kulia alikuwa ameshika dagaa.