Sensa ya Mitetemo

Zililetwa Jumanne kwenye boksi,
ishirini na nne, kila moja kama kizibo cha chupa ya chai,
sumaku chini, betri ndani, waya hakuna.
Mhandisi akasema: hizi ndizo sensa.
Fundi Ngulangwa akaweka spana chini.
"Tulishahesabiwa sisi. Walikuja na vishikwambi,
wakauliza mpaka idadi ya kuku."

Tukazibandika hivyo hivyo,
kwenye makalio ya mota, shingoni mwa pampu,
hapa Vingunguti, karakana ya majaribio,
ambapo pampu hukimbizwa saa sabini na mbili bila kupumzika
kabla ya kupelekwa kuvuta maji ya watu.

Miaka ishirini na sita Fundi amesikiliza kwa bisibisi:
ncha kwenye chuma, mpini sikioni,
macho kayafumba kama anayeonja mchuzi.
Sikio la kushoto limeishia kazini.
Ukimwita kwa upande huo
umeita ukuta.

Zamu ya usiku ni mimi na skrini.
Mistari ishirini na nne ya kijani inatembea
kama siafu walioshika njia.
Saa tano na dakika kumi na mbili, yote ikaruka.
Usiku ule wa kwanza nilizima mota nne,
nikamwamsha mhandisi kwa simu,
nikaandika TAHADHARI kitabuni kwa herufi kubwa.
Fundi akaja na kandambili zake,
akatazama saa, akatazama ukuta.
"Salha, mwanangu. Hiyo treni ya mizigo."

Nikacheka, nikaona haya, nikazoea.
Kila usiku treni inapita nyuma ya ukuta
na sensa zinatoa taarifa kwamba dunia imetikisika.
Hazisemi uongo.
Hazijui tu kuwa kuna reli.

Usiku wa tisa, saa nane kasoro,
treni ilikwisha kupita zamani,
mbwa wa mlinzi amelala,
mstari wa saba ukainuka peke yake.
Kidogo tu,
kama mtu anayezuia kikohozi msibani.

Niliogopa aibu ya mara ya pili.
Nikangoja dakika kumi.
(Kitabuni niliandika mbili.)

Fundi alipokuja hakuchukua bisibisi.
Aliweka kiganja juu ya mota,
kisha akageuza, akaweka mgongo wa mkono,
vile unavyopima homa ya mtoto.
Mimi sikusikia kitu. Na yeye, sikio lake hilo,
sidhani.
"Beringi ya nyuma," akasema. "Zima."

Asubuhi tukaifungua.
Kwenye njia ya gololi palikuwa na kovu
dogo kuliko punje ya mtama.
Mhandisi akalipiga picha, akairusha kwenye kundi la wasapu:
Sensa zimefanya kazi.
Watu wakaweka vidole gumba, kumi na saba.
Kiganja hakikutajwa.

Fundi hakuwa na habari na kundi. Alikuwa amechuchumaa,
anaifuta sensa namba saba kwa kitambaa chake chenye grisi
(grisi ikabaki palepale).
"Betri yake inakaa muda gani?"
Nikamwambia miaka mitano.
"Mimi Machi."
Akasema hivyo tu, kama anayesoma tarehe kwenye kopo la maziwa.

Beringi mpya ilipokaa, akairudisha sensa mahali pake,
akaifikiria,
akaisogeza vidole viwili kushoto.
"Hapa chuma kinaongea vizuri."

Nikaenda kwenye skrini.
Mstari wa saba ulikuwa mwembamba, safi,
na saa tano na dakika kumi na mbili usiku ule
niliweza kuona behewa moja moja likipita.

Fomu ya ufungaji ina visanduku kumi na vinne:
namba, tarehe, mahali, sahihi.
Hilo halina kisanduku.
Nimeliandika kwa chaki juu ya mota yenyewe:
vidole viwili.
Vyake, si vyangu.